Kinachoshikilia Gari la Kambi

Kutoka lango la Naabi Hill hadi Seronera, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ni mwendo wa kilomita 45 hivi. Barabara ni ya changarawe, na kiangazi uso wake hujikunja ukawa mawimbi madogo yanayofuatana bila kukatika. Tuseme wimbi moja liko sentimita 70 kutoka kwa jingine. Dereva anayeheshimu mwendo wa mwisho unaoruhusiwa hifadhini, kilomita 50 kwa saa, kila gurudumu lake linapigwa karibu mara 20 kwa sekunde. Kabla saa haijaisha ameshafika Seronera, na gurudumu hilo limepokea mapigo zaidi ya 64,000. Hiyo ni kwenda, kurudi bado.

Magari mengi yanayopita pale siku hizi yamebeba makazi kamili. Juu ya keria kuna hema la kukunjua. Nyuma kuna friji inayotumia umeme wa betri, droo za vyombo, tangi la maji na mtungi wa gesi. Pembeni kuna turubai la kivuli, na juu ya bodi paneli ya sola. Karakana za Arusha na Nairobi zina uzoefu wa miaka mingi wa kukata Land Cruiser za aina ya 70, kuzirefusha na kuziwekea paa la kuinuka ili watalii wasimame kutazama wanyama. Sasa kazi imepanuka. Kampuni za kukodisha zinatoa magari yenye hema juu kwa wageni wanaotaka kujiendesha wenyewe, na familia za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zinageuza Noah na Hiace kuwa vyumba vya kulala vya wikiendi.

Mwenye gari akikueleza gharama zake atakutajia hema, friji, betri na matairi. Bolti zilizoshika hema hazitaji. Mkanda uliofunga mtungi hautaji. Na bado vitu hivyo vidogo, ambavyo bei yake yote pamoja haifikii bei ya tairi moja, ndivyo vinavyoamua kama nyumba hiyo itarudi salama au itaangukia watu barabarani.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Kitu kinachotikiswa hudumu kwa njia mbili tu: ama kibanwe hata kisiweze kuteleza kwa upana wa unywele, ama kipewe kifungio kilichoundwa kwa makusudi ili kinyumbuke. Balaa lote limo katikati, kwenye vifungio vilivyobana kidogo na kucheza kidogo. Na magari yetu mengi ya kambi yamejaa vifungio vya katikati.

Barabara inavyofungua nati

Mawimbi ya barabara hayaletwi na uzembe wa mtu mmoja wala na aina moja ya gari. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha utafiti uliotumia gurudumu linalozunguka juu ya mchanga. Walionyesha kuwa likishavuka mwendo fulani, mchanga hujipanga mawimbi wenyewe, hata kama gurudumu halina springi. Ndiyo maana greda likipita leo na magari yakarudi kwenye mwendo uleule, mawimbi hurejea. Mwenye gari la kambi asingoje barabara ibadilike. Aliandae gari lake kwa barabara iliyopo.

Mtikisiko hufunguaje nati iliyokazwa kwa nguvu? Mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alilieleza jambo hili mwaka 1969. Alionyesha kuwa adui mkubwa wa bolti ni mwendo wa ubavuni, pale vipande viwili vilivyofungwa pamoja vinapoteleza kimoja juu ya kingine, hata kama ni kwa sehemu ndogo ya milimita. Kila vikiteleza, msuguano unaoshikilia hesi za bolti na za nati huachia kwa nukta moja, na nati hugeuka kidogo sana kuelekea kufunguka. Mtelezo mmoja haudhuru. Mitelezo elfu sitini na nne inafungua.

Kwa hiyo kazi ya bolti ni kuzuia huo mtelezo usianze, na inafanya hivyo kwa kuvutwa. Unapokaza nati, bolti hurefuka kwa kiasi ambacho jicho halioni, na kwa kutaka kurudi ilivyokuwa inabana vile vipande kama springi ngumu. Bolti ya M8, yaani yenye kipenyo cha milimita 8, ya daraja la 8.8, ikikazwa sawasawa inabana kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja na nusu. Kufika hapo inahitaji toki ya kama Nyutoni-mita 25, ambayo ni sawa na kuning'iniza kilo 10 mwishoni mwa spana ya sentimita 25. Chini ya hapo bolti inakaa tu tunduni. Ukizidisha sana unaikata au unaivuta hadi isirudi.

Soma kichwa cha bolti kabla hujainunua. Namba 8.8 iliyogongwa juu yake ina maana: 8 ya kwanza ni uwezo wa kuhimili mvuto wa megapaskali 800, na 8 ya pili inasema bolti itaanza kurefuka moja kwa moja ikifika asilimia 80 ya uwezo huo. Zipo za 10.9 na 12.9 zenye nguvu zaidi. Bolti isiyo na alama yoyote kichwani ifungie kibao cha jina la duka, usiifungie hema wala kiti. Na wanaopenda bolti zinazong'aa za stenlesi wajue kuwa zile za kawaida, zenye alama A2-70, zinahimili mvuto wa megapaskali 700, chini ya bolti nyeusi ya 8.8. Stenlesi inanunuliwa kwa ajili ya kutu, si kwa ajili ya nguvu.

Washa ya springi na imani yetu kwake

Ukienda Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi ukaomba bolti isiyolegea, mara nyingi utapewa bolti, nati na washa ya springi, ile pete iliyokatwa na kupindwa kidogo. Mafundi wengi wamefundishwa kuiamini, na wamewafundisha wengine.

Imani hiyo haina msingi mzuri. Mwongozo wa NASA kuhusu vifungio, uliotolewa mwaka 1990, unaeleza kuwa washa hiyo ni springi wakati nati inakazwa tu. Bolti ikishakazwa kikamilifu, washa imelala bapa na haina tofauti na washa ya kawaida, kwa hiyo haizuii chochote. Na vipimo vinavyofuata njia ya Junker, yaani kuitikisa bolti kwa ubavu, huonyesha nati yenye washa ya springi ikifunguka upesi.

Vinavyosaidia kweli vipo, na madukani vinapatikana. Cha kwanza ni nati yenye pete ya nailoni ndani yake, ambayo hung'ang'ania hesi hata mbano ukipungua. Alama ya kuijua ni kwamba haizunguki kwa vidole. Pete ikifika kwenye hesi lazima ushike spana. Ikianza kuzunguka kwa vidole imechakaa, itupwe. Isitumike pia karibu na ekzosi, kwa sababu nailoni hupoteza kazi yake joto likizidi nyuzi 120 hivi.

Cha pili ni gundi ya hesi. Vernon Krieble, profesa wa kemia katika Chuo cha Trinity mjini Hartford, Marekani, aliibuni mwaka 1953. Ni kimiminika kinachobaki maji kikiwa na hewa, na kinachoganda kikikosa hewa huku kimegusana na chuma, yaani katikati ya bolti na nati. Ile ya buluu inafunguka kwa spana ya kawaida. Nyekundu hudai joto kali ili iachie, kwa hiyo usiipake mahali utakapohitaji kufungua porini. Mafuta na vumbi huizuia isishike, basi futa hesi kwanza kwa kitambaa chenye petroli au spiriti, acha ikauke, ndipo upake.

Cha tatu ni washa pacha zenye mteremko, zinazokaa mbili mbili na kuumana zenyewe kila nati inapojaribu kurudi nyuma. Ni ghali kuliko hizo nyingine, na zinastahili mahali penye mzigo mkubwa, kama miguu ya keria na vishikio vya matairi ya akiba.

Hema la kilo 60 linavyofungwa

Tuiangalie kazi moja kwa karibu. Hema la juu ya gari huwa na uzito wa kati ya kilo 40 na 70, na huja na reli mbili za alumini chini yake. Vichwa vya bolti vinaingia ndani ya reli, na bolti zinashuka kupita pembeni mwa vyuma vya keria hadi kwenye bati nene la kubana kwa chini.

Fundi mzuri anaanza na keria yenyewe. Anauliza bodi ya gari inaruhusu kilo ngapi juu gari likiwa linatembea, kwa sababu magari mengi madogo hayavuki kilo 75 au 100, na kiasi hicho ni pamoja na keria. Hema la kilo 60 juu ya keria ya chuma cha pua cha kilo 50 limeshamaliza hesabu kabla hujaweka hata dumu la maji.

Kisha anaweka bolti za M8 zenye alama ya 8.8, washa pana chini, na nati za nailoni. Anazikaza kwa kupishana pembe, kulia mbele halafu kushoto nyuma, kila moja kidogo kidogo hadi zote zilingane. Anahakikisha hesi mbili au tatu za bolti zimetokeza nje ya nati, dalili kwamba pete ya nailoni imeshika mzunguko mzima. Mwisho anachukua rangi nyeupe au njano na kuchora mstari mmoja mwembamba unaotoka kwenye nati, kupita kwenye washa, hadi kwenye bati.

Mstari huo ni kifaa cha usalama cha bei ndogo kuliko vyote garini. Nati ikigeuka kidogo tu, mstari umekatika, na dereva anaona akiwa amesimama chini, bila spana. Malori mengi yana vishale vya plastiki vya njano kwenye nati za magurudumu kwa kazi hiyohiyo. Kinachobaki ni kupitia tena nati zote baada ya kilomita 50 za kwanza. Kazi mpya hujipanga: rangi iliyokuwa katikati ya vyuma inasagika, alumini inakaa, mbano unapungua. Bolti isiyokazwa mara ya pili haijamaliza kufungwa.

Bati jembamba lisilo na mahali pa kushika

Kosa linalorudiwa zaidi kwenye magari haya ni skrubu za kujitoboa zilizopigwa moja kwa moja kwenye bati la bodi. Fundi anaweka kabati, anapiga skrubu sita ubavuni, kabati linasimama imara gereji, na mteja analipa.

Hesabu inaonyesha kwa nini halitasimama muda mrefu. Bati la bodi ya gari lina unene wa chini ya milimita 1, mara nyingi 0.8. Hatua ya hesi kwenye bolti ya M8 ni milimita 1.25. Maana yake bati lenyewe halitoshi hata mzunguko mmoja wa hesi. Skrubu ya kujitoboa ina hesi za aina nyingine, lakini nayo inashika ukingo wa tundu tu. Mtikisiko unalipanua tundu likawa yai, na siku ya breki kali kabati linatoka na skrubu zake.

Kuna tiba mbili. Ya kwanza ni nati ya ribiti, bomba fupi lenye hesi kwa ndani linaloingizwa kwenye tundu na kubanwa kwa koleo maalumu hadi litune upande wa nyuma wa bati. Inafaa sana mahali ambapo mkono haufiki nyuma, kama kwenye kuta za gari. Ya pili ni bora zaidi kwa mzigo mzito: kuweka bati la nyuma, kipande cha chuma chenye unene wa milimita 3 au zaidi na upana wa kiganja, na kupitisha bolti kamili hadi kwenye nati. Mzigo unasambaa badala ya kung'ata tundu moja. Kabati, friji na viti vya ziada vifike kwenye chasisi au kwenye mbavu za bodi kila inapowezekana.

Tundu lolote lililotobolewa lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuingiza kitu. Dakika mbili za brashi zinaokoa paa zima.

Vinavyotakiwa kunyumbuka

Watu wa pwani ya Lamu waliujua upande wa pili wa jambo hili zamani. Mtepe, chombo kilichosafiri katika bahari yetu hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20, haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na mfano wake mkubwa uliwekwa Beit el Ajaib, Zanzibar. Chombo kilichoshonwa hujikunja na wimbi badala ya kupasuka nalo. Hakikulegea kwa bahati mbaya. Kilipewa mnyumbuko na fundi aliyejua anachofanya.

Katika gari la kambi, vitu vya kutendewa hivyo ni vingi. Friji na betri zikae juu ya raba nene, na bolti zake zipite kwenye bushi za mpira ili mtikisiko uishie kwenye raba kabla haujafika kwenye kompresa au kwenye sahani za betri. Paneli ya sola ipewe miguu yenye raba. Radieta yenyewe imewekwa hivyo kiwandani, na hakuna sababu ya kuvipa vifaa vilivyoongezwa baadaye kitanda kigumu kuliko chake.

Mizigo inayoondolewa na kurudishwa kila siku ifungwe kwa mikanda. Hapa tuna mazoea mawili ya kuacha. La kwanza ni mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Kwa kreti la soda nyuma ya bodaboda inafaa. Kwa dumu la dizeli la lita 20, lenye kama kilo 17 bila kuhesabu dumu lenyewe, haifai, kwa kuwa mpira unarefuka kila mzigo unapovuta, na mzigo unapata nafasi ya kuchukua kasi kabla haujashikwa. La pili ni zile kamba za mpira zenye ndoano mbili. Hizo zikichomoka zinarudi usoni mwa aliyezivuta, na jicho halina spea.

Mkanda wa kufaa ni wa poliesta wenye racheti. Tafuta lebo iliyoshonwa kwake. Kwenye mikanda inayofuata kiwango cha Ulaya cha EN 12195-2, lebo ya buluu inaonyesha ni poliesta, na maandishi ya LC yanatoa uwezo wake katika deka-Nyutoni, ambayo kwa hesabu ya haraka ni karibu sawa na kilo. Mkanda usio na lebo, au uliokatika nyuzi pembeni, au uliopauka kwa jua, umekwisha. Usiufunge fundo kuufupisha, kwa sababu fundo linakula sehemu kubwa ya nguvu yake.

Mkanda unahitaji mahali pa kushika. Pete za chuma zenye umbo la D, zilizopitishwa sakafuni na kuwekewa bati la nyuma, zinatosha kwa wengi. Wenye uwezo wanaweka reli za alumini zenye matundu mfululizo, zilezile zinazoshikilia viti vya ndege. Pete zake zinahamishwa kwa sekunde chache kulingana na mzigo wa siku hiyo.

Mtungi wa gesi usisahaulike. Mtungi wa kilo 6 uliojaa, pamoja na chuma chake, unaweza kufika kilo 13. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya sentimita 60, kila kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu ya mara 16 ya uzito wake. Mtungi huo unageuka mzigo wa kilo 200 na ushei unaoelekea kisogoni mwa abiria. Ufungwe wima, kwa mikanda miwili, mmoja juu na mmoja chini, na pawe na tundu la hewa karibu na sakafu, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Dizeli na petroli za akiba zikae nje ya chumba wanamokaa watu.

Gundi, tepu na velkro

Wapo wanaodharau vifungio visivyo vya chuma, na wapo wanaoviamini kupita kiasi. Tepu nene ya akriliki ya pande mbili, aina ya VHB ambayo kampuni ya 3M iliiingiza sokoni mwaka 1980, inashikilia vioo na mabati ya majengo marefu duniani. Inanyumbuka, inafyonza mtikisiko, na haitoboi bati. Inafaa kwa taa za ndani, vifuniko vya nyaya, hata miguu ya paneli nyepesi ya sola.

Siri yake iko kwenye maandalizi. Uso ufutwe kwa spiriti na kitambaa safi, tepu ikandamizwe kwa nguvu zote, halafu gari lipumzike. Baada ya dakika 20 imeshika nusu tu ya uwezo wake. Inahitaji kama saa 72 kufika mwisho. Ukiibandika Ijumaa jioni na kuondoka alfajiri ya Jumamosi umeinyima kazi yake. Na kitu chochote kilicho juu ya vichwa vya watu, hata kiwe na tepu bora, kiongezewe bolti moja au kamba ya chuma ya akiba.

Velkro, iliyotokana na Mswisi George de Mestral kuchunguza mbegu zilizomng'ang'ania mbwa wake mwaka 1941, ni rafiki wa mapazia, rimoti, tochi na mifuko ya dawa. Droo na milango ya kabati inataka zaidi ya hapo. Sumaku haitoshi, kwani mapigo 20 kwa sekunde yanaishinda. Weka makomeo ya kubonyeza yanayojifunga, na reli za droo zenye kufuli. Droo ya sufuria inayofunguka kwenye kona ya mteremko wa Ngorongoro inahamisha uzito wote upande mmoja wakati mbaya kuliko wote.

Nyaya, vumbi, maji na chumvi

Moto mwingi wa magari yaliyoongezewa vifaa huanza kwa waya uliosuguana na bati. Kila waya unaopita kwenye tundu la chuma upite ndani ya pete ya mpira. Kila baada ya sentimita 30 hivi ushikwe na kibano cha bati chenye raba, kilichofungwa kwa bolti. Kebo tai za plastiki zisaidie kuziweka nyaya pamoja, zisibebeshwe uzito. Nunua nyeusi kwa kazi za nje: weusi wake ni kaboni inayolinda plastiki dhidi ya jua, ilhali nyeupe hukauka na kukatika. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka popote baada ya hapo umeme ukatike.

Vumbi la Engaruka, kwenye njia ya kwenda Ziwa Natron, huingia kwa mlango wa nyuma zaidi ya mahali pengine popote. Gari likisonga, hewa ya nyuma yake hupungua shinikizo na kuvuta vumbi kwenye kila upenyo. Badilisha raba za milango zilizosinyaa, rekebisha komeo la mlango ulibane raba sawasawa, funga madirisha ya nyuma na ufungue tundu la hewa la mbele ili ndani kuwe na shinikizo la kusukuma vumbi nje.

Maji ya masika hufuata matundu ya bolti juu ya paa. Mafundi wengi wanakimbilia silikoni ya kawaida inayonuka siki. Hiyo hutoa asidi inapokauka na inakula chuma, zinki na shaba. Tumia gundi ya poliyurethani ya magari, inayobaki kunyumbuka miaka mingi. Mafundi wa majahazi hupiga kalafati, pamba iliyolowa mafuta, kati ya mbao, wala hawategemei msumari peke yake kuzuia maji. Paa la gari linataka heshima hiyohiyo.

Wanaoishi Tanga, Mombasa au Unguja wana mzigo wa ziada wa chumvi. Stenlesi na alumini zikigusana kwenye hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye bati kubwa la alumini itavumilika. Ribiti ya alumini kwenye bati kubwa la stenlesi itakwisha upesi. Tenganisha metali hizo mbili kwa washa ya nailoni au kwa rangi, na upake grisi ya kuzuia kugandana kwenye hesi za stenlesi, maana nati ya stenlesi ikikazwa kavu huweza kukwama kabisa hadi ikatwe kwa msumeno.

Ratiba na wajibu

Yote haya hayana maana bila mtu wa kuyakagua. Kabla ya safari, shika kila kitu kwa mkono na ukitikise kwa nguvu; kinacholia kina kasoro. Baada ya kilomita 50 za kwanza, simama upitie mistari ya rangi. Kila jioni kambini, kabla jua halijazama, zunguka gari mara moja: keria, hema, matairi ya akiba, mitungi, chini ya gari. Beba kopo dogo lenye bolti na nati za akiba za M6, M8 na M10, gundi ya hesi ya buluu, mikanda miwili, kebo tai nyeusi, na seti ya spana zinazolingana na bolti za gari lako, si za gari la jirani.

Wenye kampuni za kukodisha waiweke orodha hii kwenye karatasi ya kumkabidhi mgeni gari, pamoja na mafuta na tairi la akiba, na wamwonyeshe mistari ya rangi iko wapi. Dereva mwongoza watalii apewe muda wa kukagua bila kuulizwa kwa nini hajaondoka. Vyuo vya ufundi vimfundishe kijana kwa nini nati hufunguka, kabla ya kumfundisha jinsi ya kuifunga. Mteja naye, anapopelekwa kuliona gari, apande juu ya keria na asome vichwa vya bolti kwa macho yake.

Barabara zetu zina haki ya kuwa mbaya; zimetupeleka mahali ambapo lami haijafika na pengine haistahili kufika. Ubaya wa vifungio hauna kisingizio. Anayelipa mamilioni kwa hema na friji, kisha akabania pesa ya nati, hajaokoa kitu. Amehamishia gharama kwa abiria wake na kwa mtu asiyemjua anayekuja upande wa pili wa barabara.